Nimepewa fomu ya jaribio la dawa ya ini, na nyumbani hatuelewani

Somo yangu, salaam aleikum.

Nina miaka 43, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, naishi Mtongwe huku Likoni. Alfajiri napika mahamri na mbaazi za kuuza, na hiyo ndiyo riziki yangu.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kuwashwa. Hapakuwa na upele wala harara, ngozi ilikuwa safi kabisa. Viganja na nyayo ndizo ziliwaka, na usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Kaskazi ikivuma na joto likipanda, nilikuwa nalowesha leso maji, naitandika sakafuni na kulala juu yake, kitana mkononi cha kujikunia. Shuka zikawa na matone ya damu. Nikianza kujikuna mbele ya watu wanasogea, wanadhani nitawaambukiza. Harusini siku hizi siendi mpaka nimepaka hina nzito hadi kwenye vifundo, makovu yasionekane.

Kliniki ya kwanza waliniambia ni mzio wa samaki, niache kamba na pweza. Kwingine nilipewa dawa ya upele, tukapakwa nyumba nzima na mashuka tukayachemsha. Uchovu nao ukaja, ule wa kukaa kitako na unga wa mahamri mbele yako na mikono haitaki kukanda. Mwisho daktari mmoja akaagiza vipimo vya damu, akaona ini lina tatizo, akanituma Nairobi kwa bingwa. Huko ndiko nilikoambiwa nina PBC, ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili wangu mwenyewe inashambulia vijifereji vya nyongo ndani ya ini. Habari ilipofika kwa mama mkwe, swali lake la kwanza lilikuwa, "Alianza lini kunywa?" Mimi ambaye hata tembo la mnazi sijawahi kulionja!

Niliandikiwa vidonge vya ursodeoksikoliki vya miligramu 250, vinne kwa siku. Bei yake inauma. Mwezi ukiwa mbaya nameza viwili ili kichupa kifike tarehe ya mwisho, na miezi mingi imekuwa mibaya. Sasa bingwa ameangalia vipimo na kusema ile ALP, kipimo cha damu kinachopanda vijifereji vya nyongo vikiumia, haijashuka inavyotakiwa, kwa hiyo dawa imeshindwa kunisaidia. Akanieleza kuna utafiti wa dawa mpya, kidonge kimoja kwa siku kwa mwaka mmoja, juu ya dawa ninayotumia sasa. Kati ya watu watatu, wawili watapewa dawa yenyewe na mmoja atapewa kidonge kitupu, na hakuna atakayejua amepata kipi, hata daktari. Nauli ya kwenda na kurudi watarudisha. Nikapewa fomu nene niende nayo nyumbani.

Fomu hiyo imeleta vita. Mume wangu anasema, "Kwani wazungu wameishiwa na panya?" Alipofika kwenye ukurasa unaosema lazima nitumie mpango wa uzazi muda wote na nipimwe mimba mara kwa mara, aliifunga, na tangu siku hiyo hataki hata nizungumzie. Kaka yangu ananikumbusha watoto wa Nigeria waliojaribiwa dawa wakafa. Binti yangu aliye chuo kikuu ananiambia, "Mama, tia saini, utakosa bahati."

Kuna na jingine. Khalati yangu wa Msambweni huniletea unga wa mizizi, naweka kijiko kwenye uji, na wallahi nikiutumia naona kuwashwa kunapungua. Fomu inasema mtu aache dawa zote za kienyeji. Nesi wa utafiti aliponiuliza, nilisema situmii chochote. Naogopa nikisema kweli wataniondoa.

Naomba unijibu mambo matatu. Nikipangiwa kidonge kitupu, si nitakuwa nimepoteza mwaka mzima wa maisha yangu? Nimfanyeje mume wangu? Na huo unga, kuna ubaya gani nikinyamaza?

Mwenye Viganja vya Moto,
Likoni

*

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Pole kwa hizo usiku, na pole zaidi kwa neno la mama mkwe. PBC haina uhusiano wowote na pombe. Huwapata zaidi wanawake, kiasi cha 9 katika kila wagonjwa 10, wengi wao wakiwa watu wazima wa umri kama wako, na mtawa asiyejua chupa inafananaje anaweza kuipata. Kuwashwa bila upele na uchovu usioisha ni dalili zake kubwa. Hukujiletea.

Umeniuliza mambo matatu, lakini kubwa kuliko yote hukuliuliza. Umelipitisha katikati ya barua kana kwamba ni habari ya bei ya unga wa ngano: umeandikiwa vidonge vinne, unameza viwili.

Kipimo cha dawa hiyo kwa ugonjwa huu huhesabiwa kwa uzito, miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo, kila siku. Mwanamke wa kilo 70 anahitaji kati ya miligramu 910 na 1,050. Vidonge vinne vya 250 ni 1,000, kwa hiyo daktari wako alipiga hesabu vizuri. Viwili ni 500. Huo ni nusu ya matibabu, miezi nenda miezi rudi. Bingwa aliposema dawa imeshindwa, alikuwa anaihukumu dawa ambayo hukuimeza. Wala si kosa lake, hukumwambia.

Nilimsomea daktari mmoja wa maradhi ya ini barua yako, bila kumtajia wewe ni nani, na nilipofika hapo alinisimamisha nirudie. Akasema wagonjwa wengi wa PBC, zaidi ya nusu, hufanya vizuri kwa ursodeoksikoliki peke yake ikimezwa kwa kipimo kamili na bila kukatiza. Wapo ambao hata wakiimeza sawasawa ALP haishuki, karibu 4 katika kila 10, na dawa mpya zinatafutwa kwa ajili yao. Huenda wewe ni mmoja wao. Huenda si mmoja wao. Hakuna anayeweza kujua mpaka umeze vinne kwa miezi kadhaa halafu upimwe tena.

Kwa hiyo kabla ya fomu, kabla ya mume, mpigie daktari wako umwambie kweli kuhusu vidonge. Najua aibu ya kusema "sikuwa na pesa". Lakini madaktari wameisikia mara nyingi kuliko unavyodhani, na akijua anaweza kukusaidia: kukuandikia ya kampuni nyingine yenye bei nafuu, kukutuma kwa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kukuelekeza duka la dawa ambalo haliuzi kwa bei ya kuumiza. Asiyejua hawezi kukusaidia. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Na watafiti lazima wajue vilevile. Majaribio ya aina hii kwa kawaida hutaka mtu awe ametumia dawa ya zamani kwa kipimo kisichobadilika kwa miezi mingi kabla ya kuingia. Sababu yake utaiona ukifikiri: ukianza jaribio, ukafurahi, ukaanza kumeza vinne vyako sawasawa, ALP ikashuka, nani atajua kilichoishusha ni kipi? Wataiandikia sifa dawa mpya ambayo pengine haikufanya kitu.

Sasa huo unga. Unauliza kuna ubaya gani ukinyamaza. Ubaya upo wa aina mbili. Wa kwanza ni wako. Ini ndilo linalopokea kila unachomeza na kukichambua, na miti shamba inayoumiza ini ipo, inajulikana na waganga wa hospitali duniani kote. Unga wa khalati hauna lebo, kijiko cha leo si sawa na kijiko cha juzi. Kuwashwa kupungua si dalili kwamba ini linapona, kwa kuwa kuwashwa kwa PBC huja na kuondoka kwenyewe. Ikitokea vipimo vya ini vikapanda ghafla katikati ya jaribio, madaktari watahangaika na kidonge chao huku chanzo kiko kwenye uji wako.

Ubaya wa pili ni wa wengine, na huu ndio ulioniuma mimi. Ugonjwa wenu ni adimu, kwa hiyo majaribio yake huwa na watu wachache. Dawa mbili mpya za PBC zilizopata kibali Marekani mwaka 2024 ni elafibranori na seladelpari. Jaribio kubwa la ile ya kwanza lilikuwa na watu 161, na la pili 193. Hao ni wachache kuliko abiria wa feri moja ya asubuhi. Katika kundi dogo namna hiyo, mwanamke mmoja anayeficha unga na kusema uongo kuhusu vidonge anaweza kupotosha jibu ambalo wagonjwa wa dunia nzima watalitegemea. Kama unaingia, ingia na kweli yako. Kama kweli yako itakuondoa, basi jaribio hilo halikuwa lako.

Mwambie nesi. Huhitaji hotuba, sema tu, "Niliogopa, lakini natumia unga wa mizizi, na vidonge nilikuwa napunguza." Pengine watakwambia uache unga kwa wiki kadhaa halafu uanze upya kupimwa. Na hata usipoingia kwenye jaribio lolote, huo unga uache. Khalati mshukuru, amekufanyia kwa mapenzi.

Nije kwa kaka yako, maana hasemi upuuzi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake iitwayo trovafloxacin katika zoezi lililohusisha watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki na wengine wakabaki na ulemavu. Kampuni ilisema ni ugonjwa uliowaua, si dawa. Wazazi walisema hawakuwahi kuelezwa kwamba watoto wao wamo kwenye jaribio. Kesi zilikwenda miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Mtu anayelijua hilo ana haki ya kuogopa, na asiwepo wa kumcheka.

Ila mwambie pia aangalie jirani. Kilifi pale, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kipo tangu 1989. Watoto wa Kilifi walikuwemo kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 itumike kwa watoto wa Afrika. Wazazi wao walikaa chini, wakaelezwa, wengine wakakubali na wengine wakakataa wakarudi nyumbani na hakuna aliyewanyima matibabu. Kilichokosekana Kano, kwa maneno ya wazazi wenyewe, ndicho hicho: kuelezwa, na nafasi ya kusema hapana.

Kwa hiyo swali la kumjibu kaka ni je, hili lako lina hivyo? Kenya, jaribio la dawa haliruhusiwi kuanza bila idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu na ya kamati ya maadili ya utafiti iliyosajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Fungua fomu yako. Ndani yake inatakiwa pawe na jina la kamati hiyo na namba ya simu, mbali na namba za daktari. Piga hiyo namba, waulize kama jaribio hili wanalijua. Fomu inatakiwa iseme nani atagharamia matibabu ukiumizwa na dawa, na kama kuna bima. Inatakiwa iseme unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Na unatakiwa upewe kwa lugha unayoielewa. Kama uliyonayo ni ya Kiingereza, omba ya Kiswahili, si hisani hiyo. Ukikosa hata kimoja kati ya hivi, usitie saini.

Lakini neno la mumeo la panya silikubali. Panya haulizwi.

Tuje kwenye kidonge kitupu, swali lako la kwanza. Hofu yako ina msingi, kwa hiyo sitakupa jibu la mkato.

Kwanza, mtu wa kundi la kidonge kitupu katika jaribio kama hili haachwi bila dawa. Anaendelea na ursodeoksikoliki yake na anapimwa mara nyingi kuliko mgonjwa wa kawaida. Katika jaribio la seladelpari nililokutajia, watu 20 katika kila 100 wa kundi hilo walifikia kiwango kilicholengwa cha vipimo. Waliopewa dawa yenyewe walikuwa karibu 62 katika kila 100. Kwa elafibranori ilikuwa 51 dhidi ya 4. Zitazame namba hizo kwa pande zote mbili. Tofauti ni kubwa, lakini hata kwenye kundi la dawa, kati ya theluthi na nusu ya watu hawakufika.

Pili, kwa nini wasiwape wote dawa tu, kama wanaamini ni nzuri? Kwa sababu kuamini hakutoshi, na ugonjwa wako huu huu una kisa cha kutufundisha. Mwaka 2016 Marekani ilitoa kibali cha haraka kwa dawa iitwayo asidi ya obetikoliki, kwa wagonjwa wa PBC ambao ursodeoksikoliki haikuwatosha. Ilishusha ALP, kila mtu akaona kwa macho. Kibali kilikuja na sharti: kampuni iendelee kuchunguza kama kushuka kwa ALP kweli kunawafanya watu waishi zaidi na wasihitaji kupandikizwa ini. Mwaka uliofuata zikaanza kuja taarifa za watu walioumia vibaya na wengine kufa, hasa wale ambao ini lao lilikuwa limeshachoka sana wakapewa kipimo kikubwa kuliko walichostahili. Mwaka 2018 ikabandikwa onyo zito. Mwaka 2021 wenye sirosisi iliyokomaa, yaani ini lililojaa makovu, wakakatazwa kabisa. Na ule uchunguzi wa muda mrefu, uliokuwa na watu 334, haukuweza kuonyesha kwamba dawa inazuia kifo au upandikizaji. Mwaka 2024 Ulaya ikaamua kuondoa kibali chake, na 2025 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni Marekani.

Na kilichonigusa zaidi: moja ya sababu za uchunguzi huo kukosa jibu la wazi ni kwamba dawa ilikuwa tayari inauzwa, na wengi wa kundi la kidonge kitupu walijitoa, wengine wakaenda kuinunua. Siwalaumu, ningekuwa mimi pengine ningefanya vivyo. Lakini matokeo yake ni miaka ya wagonjwa kumeza dawa ambayo hakuna aliyeweza kuapa kwamba inarefusha maisha. Tena moja ya madhara yake makubwa ilikuwa ni kuzidisha kuwashwa. Fikiri wewe na kitana chako.

Kwa hiyo hapana, mwaka wa kidonge kitupu si mwaka uliotupwa, ila ni mwaka uliowatolea wagonjwa wengine. Jaribio si matibabu. Kazi yake ya kwanza ni kupata jibu, na kukuponya wewe kukitokea ni faida juu yake. Anayeingia akijua hivyo hatalia baadaye kwamba amedanganywa, na anayehitaji matibabu ya uhakika leo aende kuyatafuta kwanza.

Na yapo ya kutafuta! Hili ulizia kabla ya kutia saini popote. Kuna dawa za jamii ya fibrati ambazo kazi yake ya kawaida ni kushusha mafuta ya damu, nazo zimekuwa zikitumiwa na mabingwa wa ini kwa wagonjwa wa PBC. Mwaka 2018 Wafaransa walitoa matokeo ya jaribio la bezafibrati kwa watu 100 kwa miaka miwili. Karibu theluthi moja ya waliopewa walipata vipimo vyote kurudi sawa, na katika kundi la kidonge kitupu hakuna hata mmoja. Ndugu yake fenofibrati ni dawa ya zamani. Muulize bingwa, "Je, mimi nafaa fibrati? Na kwa nini tusijaribu hiyo kwanza?" Anaweza kuwa na sababu nzuri ya kusema hapana, kwa mfano figo au ini lililokwisha kuwa na makovu mengi, maana dawa hizi zina madhara yake na si za kujinunulia dukani. Muulize pia kuhusu hizo mbili za 2024: zinapatikana Kenya, na kwa bei gani? Mtu hawezi kusema amechagua jaribio kama hakuonyeshwa kingine cha kuchagua.

Halafu kuwashwa kwenyewe, mdogo wangu, mbona hakuna aliyekutibu? Katika barua yote sioni dawa hata moja ya kuwashwa. Zipo. Kuna kolestiramini, unga wa kukoroga na maji, unaonasa chumvi za nyongo tumboni. Lazima iachane na ursodeoksikoliki kwa saa nne hivi, la sivyo inainasa na hiyo. Kuna rifampisini, ambayo watu wanaijua kama dawa ya kifua kikuu, kwa kipimo kidogo na kwa kufuatiliwa vipimo vya ini, na usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa. Sema kwa daktari waziwazi: silali. Usiseme "nawashwa kidogo" kwa ajili ya adabu.

Mumeo sasa. Umenieleza kwamba alikuwa akibisha lakini anasoma, mpaka alipofika ukurasa wa mpango wa uzazi, ndipo akafunga fomu. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, achana na habari za panya. Mwanamume akisoma karatasi ya watu asiowajua inamwambia mkewe asishike mimba, na kila mara apimwe, anaweza kuhisi kuna mgeni ameingia chumbani kwake bila hodi. Au labda alikuwa na nia ya mtoto wa nne na hajawahi kukwambia. Muulize. Muulize usiku, watoto wamelala, na fomu iwe kabatini.

Mweleze sababu ya sharti hilo, kwa kuwa lina historia. Dawa ya thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikapewa hata wajawazito kwa kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa au watazaliwa na viungo vilivyoharibika. Tangu hapo, dawa ambayo haijajulikana inafanya nini tumboni haipewi mwanamke anayeweza kushika mimba bila kinga. Anayelindwa na ukurasa ule ni mtoto wenu ambaye hajaja. Kama mnamtaka mtoto huyo sasa, basi jibu la jaribio ni hapana kwa wakati huu, na hilo ni jibu la heshima kabisa. Kama hamna mpango, mwende pamoja mkaulize njia ipi inakufaa, kwa sababu njia zenye homoni hazimfai kila mwenye ugonjwa wa nyongo, na rifampisini ukipewa hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba. Koili ya shaba haina matatizo hayo mawili.

Saini ni yako, sheria haimtaki yeye atie. Lakini ni yeye atakayeamka alfajiri kukuvusha feri na kukufikisha Miritini uwahi treni, na ni yeye atakayebaki na watoto. Asiyeridhia atakuchosha kabla dawa haijakuchosha. Mwombe aende nawe Nairobi mara moja tu, aulize mwenyewe maswali yake, hata hilo la panya. Binti naye umwambie, kwa upole, kwamba bahati haiandikwi kwenye fomu nene namna hiyo.

Swali la mwisho la kuwauliza watafiti, na jibu ulitake kwa maandishi: mwaka ukiisha na dawa ikiwa imenisaidia, nitaendelea kuipata? Kwa nani, kwa muda gani, kwa bei ya nani? Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia waliliweka mwaka 1964 na wanaendelea kulirekebisha, linataka mambo ya baada ya jaribio yapangwe mapema na mshiriki aambiwe kabla hajakubali. Nimeona watu wa pwani wakifurahia mwaka mzima wa dawa ya bure halafu mlango ukafungwa. Uliza pia nani atalipia ursodeoksikoliki yako muda huo wote, maana ikiwa ni wewe, tutarudi kwenye vidonge viwili. Na kama Ramadhani itaangukia ndani ya mwaka huo, uliza kama kidonge chao kinaweza kumezwa futari au daku.

Ukienda kwenye miadi, chukua kichupa chako cha dawa kilivyo, unga wa khalati kwenye mfuko wake, na fomu uliyopigia mistari kwa kalamu pale usipoelewa. Wakikwambia utie saini siku hiyo hiyo, waambie unarudi nayo nyumbani. Kisha niandikie baada ya miezi ya kumeza vinne, unijulishe ALP imesema nini.

Somo